Raba nyepesi si za kukimbilia kesho asubuhi

Ikifika Januari hapa Moshi, dukani kwetu wanaingia watu wa aina moja. Wameshajiandikisha Kilimanjaro Marathon ya mwishoni mwa Februari, wameanza kuamka alfajiri, na wanataka raba nyepesi. "Kaka, niondolee haya matofali," aliniambia dada mmoja, akaziweka raba zake juu ya kaunta. Tukapima: mguu mmoja gramu 340. Nikampa nyingine ya soli nyembamba, gramu 190, akaipimapima mkononi akacheka. "Na hizi si nitapaa!"

Kuhusu uzito hakukosea. Waliolipima jambo hili wanakubaliana kwamba kila gramu 100 ukiziongeza kwenye kila kiatu, mkimbiaji anatumia nguvu zaidi kwa takribani asilimia 1. Kwa mtu wa kilomita 42 hiyo inaonekana kwenye saa. Ila gramu zile zimetoka mahali, na kwenye raba nyembamba zimetoka kwenye sponji, hasa ya kisigino.

Raba nyingi za mazoezi zina kisigino kilichoinuka milimita 10 hadi 12 kuliko upande wa vidole. Hizi nyembamba zina milimita 4, na nyingine ziko sawa kabisa na ardhi. Milimita 10 ni kama upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, utasema si kitu. Lakini mguu uliozoea kuinuliwa hivyo miaka na miaka, ukiushusha siku moja, ile kano ya nyuma ya kisigino inavutika kila hatua, na kwenye kilomita moja hatua ni nyingi mno. Goti linapata nafuu kidogo, vigimbi na kano vinabeba. Mzigo ni uleule, umehamishwa chumba tu.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Siku ya kwanza na raba za namna hiyo nilipanda daladala hadi Mweka, nikashuka mbio kuja mjini. Nilijiona mtoto wa darasa la 4. Kesho yake nilikuwa nashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, nimeshika ukuta, na wiki 3 sikukimbia hata hatua. Muuza viatu!

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walitoa matokeo ya wakimbiaji wazoefu 36. Kati yao 19 walihamishiwa polepole, kwa wiki 10, kwenye viatu vyembamba vyenye vidole kama glovu. Walipopigwa picha za MRI, 10 kati ya hao 19 walionekana mifupa ya miguu imeanza kuumia ndani. Hao ni wazoefu, na walipewa wiki 10. Sasa hesabu mwenyewe: kuanzia Januari mpaka siku ya mbio zimebaki wiki ngapi? Ndiyo maana mteja wa Januari tunamwambia akimbie na zile alizozizoea, hata kama tunapoteza mauzo.

Hapo hakosekani wa kunitajia Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki kule Roma pekupeku mwaka 1960. Ni kweli. Na mwaka 1964 akashinda tena Tokyo, safari hii amevaa viatu. Halafu mtazame marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya, aliyekimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35: soli ya kiatu chake ilikuwa nene. Sponji za siku hizi zinaweza kuwa nene na bado zikawa nyepesi, hadi shirikisho la riadha la dunia likaweka kikomo cha milimita 40 kwa mbio za barabarani. Kwa hiyo kama shida yako ni uzito tu, sema hivyo. Huhitaji soli nyembamba.

Neno moja kuhusu mitumba, maana wengi ndiko tunakonunua. Raba ya mtumba iliyokufa sponji haijageuka kuwa raba nyembamba. Kisigino chake bado kiko juu, ila kimekuwa kigumu. Bonyeza pembeni ya soli kwa dole gumba; ikiwa na mikunjo mingi na hairudi, hiyo ni ya kwendea sokoni. Iweke mezani pia uitazame kwa nyuma. Ikiinamia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza amekuachia mwendo wake.

Anayetaka kuhamia raba nyembamba baada ya mbio tunamsaidia, na ushauri hatuutozi. Wiki 2 au 3 za mwanzo zivae kazini na dukani tu. Kisha kimbia nazo dakika 10, mara 2 kwa wiki, kwenye nyasi. Siku nyingine rudi kwenye za zamani. Mteremko uache kabisa kwa miezi ya mwanzo. Nyumbani simama kwenye ukingo wa ngazi, shusha visigino taratibu, pandisha, hadi vigimbi vichoke. Kigimbi kikiuma siku moja au mbili, usihofu. Lakini maumivu ya juu ya unyayo, ambayo unaweza kuyagusa kwa ncha ya kidole kimoja ukasema "ni hapa", usikimbie nayo. Nenda hospitali.

Yule dada alizilipia zile nyembamba, zipo stoo na jina lake, atazichukua Machi. Na wewe ukija, njoo na raba zako za zamani, na tafadhali usizifue wala kuzisugua soli. Pale zilipolika ndipo tunapoanzia.