Kopo la Vibano

Mvumi, Dodoma
Jumanne jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Mbukwa! Huku hatujambo. Uwele umeshapurwa na kuingia ghalani, upepo wa kiangazi umeanza kutumwagia vumbi, na mama anauliza utakuja lini, maana mlenda wa kukausha ameshakuwekea fungu lako.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya shughuli ya Jumapili. Nilipokudokezea kwenye simu kwamba tunataka kuwashukuru watu waliokitumikia kijiji, Wakristo kwa Waislamu, uliniuliza, "Na yule mama wa vikope mtamkumbuka?" Tumemkumbuka, ingawa nusura tumpite. Orodha ya kwanza ya kamati iliandika "Umoja wa Akina Mama", basi, cheti kimoja, apokee mwenyekiti wao. Nilikataa. Umoja una heshima yake, nami naujua tangu mama akiwa mwanachama, lakini miguu iliyokuwa ikitoka alfajiri ni ya mtu, na mtu ana jina. Tulibishana mpaka taa ikaishiwa chaji. Mwisho tukapatana: cheti cha umoja kitolewe, halafu kila mama aliyesindikiza wagonjwa aitwe kwa jina lake mwenyewe, asiitwe mke wa fulani.

Wazee wa msikitini ndio walioitwa kwanza. Unajua ilivyo hapa kwetu, kaburi likitakiwa kuchimbwa, la Mkristo au la Mwislamu, sururu zao hutangulia. Yule mzee wao mrefu alikuwa miongoni mwa waliokwenda Igandu Juni 24, 2002, siku treni ya abiria iliporudi kinyumenyume mteremkoni ikaigonga ya mizigo, watu zaidi ya 200 wakafa. Miaka yote hii hajawahi kusimulia aliyoyaona. Alipopewa cheti alisema, "Tulikuwa wengi," akarudi kuketi. Mbuzi wa shughuli alichinjwa na kijana wake, ili sote tule chungu kimoja.

Sasa nije kwa mama yetu. Nilimwaza bibi yako muda wote ule. Nakumbuka ulivyokuwa ukimwongoza kwenda korongoni, wewe umeshika ncha ya fimbo, yeye ameshika ncha nyingine, mimi nyuma na ndoo zenu mbili. Tulidhani upofu huja na uzee, kama mvi. Hakuna aliyetueleza kwamba ni vikope, yaani trakoma, kwamba vidudu vyake hutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa ncha ya kanga inayofuta mtoto huyu kisha yule, na kwa nzi. Mtu akiambukizwa tena na tena tangu utotoni, kope hupata makovu kwa ndani, hukunjika, na nywele zake zikaanza kulikwaruza jicho kila anapopepesa. Ndiyo maana akina mama wameumia kuliko wanaume: wao ndio wanaolala na watoto, wao ndio wanaowafuta.

Na ndiyo maana kila bibi alikuwa na kibano kwenye pindo la kanga. Walizing'oa zile nywele, zikaota tena, fupi na ngumu kuliko mwanzo.

Yule mama, mwenye tembe karibu na mbuyu, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiwasihi waende hospitali ya Mvumi wakapasuliwe kope. Wengi waliogopa. Waliamini daktari analing'oa jicho, analiosha, analirudisha. Basi alikuwa anaondoka nao saa kumi za usiku, mgonjwa juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli, yeye anaisukuma. Anakaa naye kwenye sindano ya ganzi, anampikia uji, anarudi naye jicho likiwa na bandeji, na siku ya kutoa nyuzi wanarudi tena wote wawili. Nauli hakuna aliyempa. Akifika kwenye nyumba yenye watoto anaomba kikombe kimoja cha maji, anawanawisha wote, ili mama mwenye nyumba aone mwenyewe kwamba maji kidogo yanatosha. Vibuyu chirizi vya kunawia unavyoviona vimening'inia kila choo cha kitongoji kile, vingi alivifunga yeye.

Jumapili alikuja na kopo la Blue Band, lile kubwa la zamani, limeanza kutu ukingoni. Tulidhani ni zawadi ya karanga. Mchungaji alipomwita, kwaya ikapiga makofi na akina mama wa muheme wakajibu kwa ngoma. Alisogea mbele, akafungua kopo, akalimimina juu ya kitambaa cheupe cha meza. Vibano! Vya chuma, vya bati lililokunjwa, kingine kimefungwa kwa waya wa redio. Kumbe yeye alimwambia kila aliyepona, "Nipe kibano chako, hutakihitaji tena," naye akavitunza. Ngoma zikanyamaza zenyewe. Halafu wakaanza kusimama, mmoja mmoja, akina mama wa vijiji vile vyote, wakaja mezani kila mmoja akitafuta chake. Mchungaji alivua miwani akajifuta.

Cheti alikishika kwa mikono miwili akakipapasa herufi kwa kidole gumba. Hakusoma shule. Akanipa, akaniambia nimsomee jina lake. Nikasoma. Akasema tena. Nikasoma mara tatu, ya tatu kwa sauti mpaka wa nyuma kabisa wakasikia.

Jioni nilimsaidia kurudisha vilivyobaki koponi, vya waliokwisha kufariki. Kimoja kina uzi mwekundu mpini mzima. Akakitenga, akaniambia ni cha bibi yako. Alimpeleka hospitali yeye kabla ya wote, daktari akamwambia wamechelewa, kioo cha jicho kimeshakwaruzwa chote. Wakiwa njiani kurudi bibi alimkabidhi kibano akamwambia awawahishe wenzake. Wewe na mimi tulikuwa shuleni siku hiyo.

Nilimwomba nikuletee nikija huko Desemba. Amekataa. Anasema uje ukichukue mwenyewe.

Wasalimie watoto.

Ni mimi, jirani yako