Ngoma ya Jumamosi: Electric Prunes

Wadau habari za jioni, Jumamosi saa mbili usiku tunasikiliza I Had Too Much to Dream ya bendi ya roki ya Electric Prunes, singo ya 1966, linki ntaitupia hapa kesho. Jamaa ni wa Los Angeles ila wimbo walitungiwa na wadada wawili, Annette Tucker na Nancie Mantz.

Vaeni hedifoni jamani, ukisikilizia spika ya simu usije kunilaumu, maana ule mngurumo wa mwanzo ndo utamu wenyewe, unakuja kama kundi la nyuki linakusogelea sikioni. Na ilitokea kibahati tu, walikuwa wanarekodi kwenye tepu, ikifika mwisho wanaigeuza wanaendelea upande wa pili, sasa siku hiyo prodyuza Dave Hassinger akaiachia bila kubonyeza rekodi, gitaa la Ken Williams likatoka kinyumenyume, sauti imefunguliwa juu balaa, wakaona hiki kitu hakiachwi hata kidogo.

1967 ikafika namba 11 Marekani, baadae ikapoa, mpaka mwandishi wa muziki na mpiga gitaa Lenny Kaye alipoiweka ya kwanza kabisa kwenye albamu ya mkusanyiko wa nyimbo, Nuggets, mwaka 1972, hapo ndo wapenzi wa roki ya gereji (ile roki chafu ya vibendi vya vijana wa miaka ya 60) wakaanza kuisaka upya. Mi naona hawakutoa tena kitu cha kuifikia hii, anayebisha aje na wimbo wake tuusikilize.

Alafu voisi zisizidi dakika moja, nyie mnaojijua.