Ukanda wa Marekani ulilelewa na uchumi wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu makala mliyochapisha juma lililopita juu ya miaka ya mwanzo ya taifa la Marekani. Mwandishi alieleza kwa ufasaha jinsi vita dhidi ya Uingereza, vilivyomalizwa kwa mkataba wa Ghent wa Desemba 1814, vilivyowaachia Wamarekani fahari ya kuwa taifa moja, na jinsi fahari hiyo ilivyozaa benki, barabara na viwanda. Kisha akaandika kwamba ukanda, yaani kila eneo la nchi kutanguliza maslahi yake mbele ya yale ya taifa zima, ulikuja baadaye kuuharibu umoja huo, kana kwamba ni maradhi yaliyoletwa na upepo. Hapo ndipo ninapotofautiana naye, kwa sababu ukanda ule ulilelewa na uchumi uleule anaousifu.

Mwaka 1816 Kongresi iliidhinisha Benki ya Pili ya Marekani kwa mtaji wa dola milioni 35, ikapitisha pia ushuru wa forodha uliokusudiwa kuvikinga viwanda vichanga dhidi ya bidhaa za Kiingereza zilizokuwa zikifurika bandarini. Miongoni mwa walioutetea ushuru huo alikuwa John C. Calhoun wa South Carolina, na miongoni mwa walioupinga alikuwa Daniel Webster, aliyewasemea wafanyabiashara na wenye meli wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki kama Massachusetts. Miaka 12 baadaye wawili hawa walikuwa wamebadilishana nafasi. Mwaka 1828 Webster, sasa seneta wa Massachusetts, aliunga mkono ushuru mkubwa zaidi, ilhali Calhoun, akiwa Makamu wa Rais, aliandika kwa siri, bila kutia jina lake, hoja kwamba jimbo lina haki ya kuitangua sheria ya shirikisho ndani ya mipaka yake.

Sidhani kwamba mmoja alikuwa mzalendo na mwingine msaliti. Fedha za Massachusetts zilikuwa zimehama kutoka kwenye meli kwenda kwenye viwanda vya nguo, kuanzia kile cha Waltham cha mwaka 1814 hadi vile vya Lowell katika miaka ya 1820. South Carolina nayo ilikuwa imejifunga kwenye pamba iliyouzwa zaidi Uingereza, na baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 1819 kuiporomosha bei ya zao hilo, kila senti iliyoongezwa kwenye bidhaa za nje ilionekana huko kama kodi ya kuwanufaisha watu wa Kaskazini.

Hata Mfereji wa Erie, ambao makala iliutaja kama kielelezo cha utaifa, una historia yenye utata. Rais Madison alikuwa ameukataa kwa kura ya turufu, Machi 3, 1817, muswada wa Calhoun wa kutumia fedha za benki kujenga barabara na mifereji, kwa kuwa hakuyaona mamlaka hayo katika Katiba. Basi jimbo la New York likauchimba lenyewe kati ya mwaka 1817 na 1825, maili 363 kutoka Albany hadi Buffalo, kwa takriban dola milioni 7. Gharama ya kusafirisha tani moja kutoka Buffalo hadi jiji la New York ilishuka kutoka karibu dola 100 hadi chini ya dola 10. Mazao ya Magharibi, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa yakiteremka mtoni hadi New Orleans, bandari ya Kusini, yalianza kuelekea mashariki, na biashara ikayaunganisha Magharibi na Kaskazini kuliko ilivyoyaunganisha na Kusini.

Lakini lililonisukuma hasa kuandika ni kwamba makala nzima haikuwataja watumwa hata mara moja. Kuingiza watumwa kutoka nje kulipigwa marufuku kuanzia Januari 1, 1808. Hata hivyo idadi yao, iliyokuwa karibu 700,000 mwaka 1790, ilizidi milioni 1.5 mwaka 1820, na mashine ya Eli Whitney ya kuchambua pamba ilikuwa imelifanya shamba la watumwa kuwa na faida mpya. Pamba hiyo ililisha pia viwanda vya Kaskazini na kujaza meli za New York. Missouri ilipoomba kuwa jimbo, majimbo 11 yalikuwa na utumwa na 11 hayakuwa nao, na mwafaka wa mwaka 1820 ukaikata nchi kwa mstari wa latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30, uliotenga maeneo ya utumwa na yasiyo na utumwa. Ukanda ulikwishachorwa kwenye ramani, na hii ni ndani ya kile kipindi kinachosifiwa kwa maelewano.

South Carolina ilipotangaza Novemba 1832 kwamba ushuru wa shirikisho ni batili, Rais Andrew Jackson alitishia kutumia nguvu, na Seneta Henry Clay akatuliza mambo kwa sheria ya mwaka 1833 ya kuupunguza ushuru hatua kwa hatua. Mwandishi wenu aliishia hapo, akiyaita mambo hayo ugomvi wa kodi. Zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo hilo walikuwa watumwa, na Calhoun mwenyewe alikwishaandika katika barua ya mwaka 1830 kwamba ushuru haukuwa sababu halisi ya mgogoro, bali kisa tu kilichoudhihirisha.

Wako,
Msomaji na mwalimu mstaafu wa historia