Ungeimalizia ile filamu, mama

Mwanangu,

Salama huko Louisville, Marekani? Huku wazima, mama yako anakusalimu anasema upunguze kulala na simu kifuani. Sasa ile filamu uliyosema uliizima baada ya nusu saa, ile ya mwongozaji John Ford ya 1953, The Sun Shines Bright, mdogo wako kaniwekea kwenye laptop nimeiona yote na kesho yake nikairudia. Kilichokukera nakijua. Yule Jeff mtumishi wa jaji, aliyeigizwa na Stepin Fetchit, anaburuta miguu anaongea kama katolewa usingizini, na weusi wengine kazi yao ni kuimba na kushukuru tu. Hapo sibishani na wewe, hata mimi nilikuna kichwa. Ila ulizima mapema.

Mimi kilichonishika ni jaji kuomba kura. Jaji jamani! Si unajua nimekaa miaka mzee wa baraza pale mahakama ya mwanzo, hakimu wetu analetwa na barua ya uhamisho, umpende usimpende yupo, sasa hapa ni Kentucky ya 1905 na mzee Billy Priest anagombea tena kiti chake, mpinzani wake ni mwendesha mashtaka Maydew, mtu wa suti na maneno mengi, na nyie hapo Kentucky hadi leo majaji mnawapigia kura. Kwahiyo kila akifanya la haki anaona kabisa kura zinaondoka. Kijana mweusi anasingiziwa kabaka binti wa kizungu, genge la watu wa kitongoji cha Tornado linakuja gerezani kumnyonga, na hao hao ndo wapiga kura. Mzee anawasubiri nje peke yake na bastola, anachora mstari chini, wa kwanza kuuvuka anakula risasi. Ford alishapiga kipande cha hivyo kwenye filamu yake ya kwanza ya huyu huyu jaji mwaka 1934, kikakatwa, akakaa nacho moyoni miaka 19.

Lakini sikuandikii sababu ya bastola. Kuna mwanamke aliondoka mjini kwa aibu, anarudi mgonjwa, anafia kwenye nyumba ya malaya, na maziko yake yanaangukia siku ya kura. Gari la maiti la farasi linapita katikati ya mji, nyuma wale wanawake wa ile nyumba kwenye gari lao la farasi, watu wamejipanga barabarani wanacheka. Jaji anatoka anaanza kutembea nyuma ya jeneza, mzee na kitambi chake. Hakuna muziki, hakuna anayeongea, unasikia kwato tu. Wanacheka kwanza, halafu mmoja anaingia nyuma yake, mwingine, mwingine, hadi msafara unajaa, na ibada inafanyika kwenye kanisa la weusi na jaji mwenyewe ndo anayehubiri.

Jioni watu wa Tornado wanakuja kumpigia kura, na bango lao kwamba aliwaokoa na nafsi zao wenyewe. Kura zinafungana, anashinda kwa moja, ya kwake.

Sasa mama, unakumbuka mwaka niliogombea uenyekiti wa mtaa? Yule bibi muuza gongo wa kule bondeni alifariki wiki ya kampeni, na wapambe wangu wakaniambia mzee usionekane kule, watu wa kanisani watakusema. Nikakutuma wewe na bahasha ya rambirambi, ulikuwa darasa la tano, una sketi ya shule. Ulivyorudi ulinambia baba, waliobeba jeneza walikuwa sita tu, wakichoka wanaliweka chini wapumzike maana wa kuwapokea hayupo. Nikakwambia kanawe mikono ule.

Nilishinda kwa kura nyingi tu.

Baba yako