Mabadiliko ya Saa: Picha za Injini za Mvuke, Jumamosi

Ndugu wanachama, hamjambo?

Jumamosi hii tutakutana saa tatu kamili asubuhi, si saa nne tena, kwenye lango la Makumbusho ya Reli, Nairobi, kwa sababu jua likishapanda, vyuma humeta kupita kiasi na picha hupoteza uzuri wake.

Tutaanza na injini nambari 5918, Mount Gelai, iliyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955, ikiwa miongoni mwa injini 34 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ni ndefu mno, hivyo nawasihi msihangaike kuipiga yote kwa mkupuo. Chuchumaeni karibu na magurudumu, mtazame vyuma vinavyoyaunganisha na kivuli chake juu ya kokoto. Hapo ndipo penye uzuri wenyewe.

1. Mchango ni shilingi 1,500, pamoja na chakula cha mchana, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.
2. Mwenye stendi ya kamera aje nayo; tunazo mbili tu.

Tafadhali thibitisheni hapa kwa kuandika "Nitakuja" au "Sitaweza" kufikia Alhamisi hiyo hiyo.

Asanteni sana.
Mratibu