Kwa vijana wa Jambiani, Unguja, mnaofunga mizigo

Wajukuu zangu, assalamu alaykum.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja kuniaga. Mkoba uko mlangoni, mama yake anamfungia boflo na samaki wa kukaanga. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Dar, babu. Huku kazi zote wameshika wageni." Nikamuuliza ameomba kazi hoteli ngapi. Akainama.

Sikumkasirikia, maana kosa la kwanza ni letu wazee. Hoteli zilipoanza kuota pwani hii, tuliwakataza baba zenu kwa sababu ya pombe na watalii waliovaa nusu uchi. Khofu ile ilikuwa na msingi, na mpaka leo simlaumu anayekataa kubeba chupa. Lakini jikoni, bustanini, mapokezi, ofisi ya mahesabu, huko nako hatukwenda. Wakaja ndugu zetu wa Bara na wa Kenya, wana Kiingereza na cheti mkononi. Walikuta kiti kitupu, wakakaa.

Tena msidhani kwamba mgeni akija lazima mwenyeji apoteze. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 walivuka kutoka bandari ya Mariel kwenda Marekani, wengi wakabaki Miami. Wafanyakazi wa mji ule wakaongezeka kwa karibu asilimia 7. Mchumi David Card alipochunguza, mwaka 1990, hakuona mishahara ya wenyeji wasio na ujuzi ikiporomoka, ingawa wenzake wanambishia hadi leo. Aliona pia kwamba huenda baadhi ya waliokuwa wakihamia Miami waliamua kwenda miji mingine. Wale walikuwa bado hawajafika. Ninyi mnaondoka penu, na wengi wenu mnaondoka kwa maneno ya barazani tu.

Kuhama si haramu. Wavuvi wetu wanakwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, na Wapemba wana maduka Dar na Mombasa. Huko mnakokwenda mtakuwa wageni ninyi, na kijana wa huko atasema mmemkalia kazi yake. Basi anayeondoka aondoke akijua anakwenda kushika nini.

Anayebaki aje kwangu. Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa barazani na madaftari kumi niliyokwisha kununua, nifundishe Kiingereza cha mapokezi, bila ada. Wasichana waje pia. Dada zenu waliochoka kufunga mwani kwa bei ya kutupa ndio waliotangulia kuniuliza tunaanza lini.

Babu yenu, mwalimu mstaafu