Gati kwanza, bangi ya nyuzi baadaye

Mhariri,

Uchaguzi wa 2027 unabisha hodi, na ule wimbo wa bangi wa mwaka wa 2022 umeanza kuvuma tena vijiweni hapa Nairobi. Wakati ule Profesa George Wajackoyah na chama chake cha Roots walisema zao hilo lingelipa deni la taifa. Walipata kura 61,969, yaani asilimia 0.44. Watu wakacheka, wakaenda zao, na hoja yenyewe ikabaki bila kujibiwa. Sasa imepata nyongeza: kwamba visiwa vyetu, kwa kuwa vimezungukwa na maji, ndipo mahali pafaapo kuanzia kilimo hicho.

Sisi tunaunga mkono bangi ya nyuzi. Lakini nyongeza hiyo ina nusu ya ukweli tu, na nusu iliyobaki itamfilisi mkulima wa kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, kabla ya msimu wa pili.

Jina lenyewe limeshatutia taabani. Ukisema katani hapa Kenya, msikilizaji anaona mikonge ya Vipingo na Mwatate. Ukisema bangi, anamwona polisi. Mmea tunaouzungumzia ni ndugu wa bangi inayovutwa, ila umechaguliwa kwa vizazi vingi ili uwe na nyuzi ndefu na mbegu nyingi, na uwe na THC kidogo sana, ile kemikali inayolevya. Marekani, tangu sheria yake ya kilimo ya 2018, imeweka mpaka wa asilimia 0.3 ya THC. Uswisi wameuweka asilimia 1. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 haina mpaka wowote: mmea ni mmea, na anayeupanda ni mhalifu. Ajabu ni kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ambao wanasiasa hupenda kujificha nyuma yake, unasema waziwazi katika Kifungu cha 28 kwamba hauhusu kilimo cha mmea huu kwa ajili ya nyuzi na mbegu pekee. Kizuizi ni chetu wenyewe.

Tuje kwenye hesabu, maana ndiyo inayorukwa majukwaani. Hekta moja iliyostawi hutoa tani 6 hadi 8 za mabua makavu. Robo hivi ndiyo nyuzi. Kinachobaki ni vipande vya kiini, vinavyofaa kutandikwa bandani au kuchanganywa na chokaa ya kujengea. Mabua hayo ni mepesi kwa uzani lakini makubwa kwa umbo. Hata yakifungwa robota, mita moja ya ujazo hubeba kilo 120 hivi. Tani 8 zitajaza zaidi ya mita 65 za ujazo. Boti ya mbao yenye nafasi ya mita 6 za ujazo itabeba kilo 700 na kidogo, kwa hiyo hekta moja ni safari 12 za kwenda Mbita, ng'ambo ya bara. Mafuta ya injini peke yake yatakula bei ya nyuzi.

Nahodha anayetaka kupunguza safari atapandanisha robota. Hapo ajali huanza kupikwa. Shehena iliyopanda juu huifanya boti iwe nzito kichwani, na upepo huikamata kama tanga. Injini nayo inakwama katika gugumaji: majani huziba tundu la kuvutia maji ya kupoza, injini inapata joto, nahodha anaizima ili aisafishe, na boti isiyo na mwendo hugeuka ikayapa mawimbi ubavu. Abiria wako juu ya robota, jaketi okozi ziko chini ya robota. Baada ya ajali ya feri ya Mtongwe kuua watu 272 tarehe 29 Aprili 1994, nchi hii haihitaji somo jingine kuhusu kujaza chombo kupita kiasi.

Usafiri wenyewe ukoje leo? Feri ya magari huvuka kati ya Mbita na Luanda K'Otieno, bara kwa bara. Kisiwa cha Rusinga kina daraja. Kuanzia hapo kwenda Mfangano, Takawiri, Remba na Ringiti, wengi hutegemea boti za mbao zinazoondoka zikijaa, si saa ikifika. Kwa mwenye samaki wa barafu hiyo ni hasara; kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa ni jambo jingine kabisa. Upande wa Lamu, boti za kwenda Pate husubiri maji kujaa ndipo zipite mlango wa Mkanda, na bamvua likitoka zinakwama kwenye matope. Ng'ambo ya pili, gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, lina kina cha kupokea meli kubwa za makontena. Mtu wa Pate akiwa amekwama matopeni ana muda wa kutosha wa kulitafakari hilo.

Mahitaji si makubwa, ila yajengwe ipasavyo. Gati la zege lisilosogea ni kosa ziwani. Mwaka wa 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na magati mengi yakamezwa. Gati linalofaa ni la kuelea: maboya makubwa ya chuma yaliyogawanywa vyumba vya ndani, ili kimoja kikitoboka lisizame lote, na daraja dogo lenye bawaba linaloliunganisha na ufuo. Ikiwa maji yanaweza kupanda na kushuka mita 2, daraja hilo liwe na urefu wa mita 12 au zaidi, la sivyo mteremko utamshinda mtu mwenye gunia mgongoni. Minyororo ya nanga iachiwe urefu wa ziada. Mafundi wakiikaza kwa kina cha siku ya uzinduzi, maji yakipanda gati linavutwa chini upande mmoja. Na lisijengwe kwenye ghuba ambako upepo husukumia gugumaji. Wavuvi wa hapo wanazijua ghuba hizo, waulizwe.

Nani awajibike? Kila mtu humlilia Rais, kumbe Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili, limezipa kaunti kazi ya feri na bandari, ukiondoa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Ukaguzi wa usalama wa vyombo unabaki kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini (KMA). Basi swali la gati la Mfangano ni la gavana na wawakilishi wadi wa Homa Bay, na la Pate ni la wenzao wa Lamu. Wengi wao, tusemezane ukweli, huwaona wapiga kura wa visiwani mara nyingi zaidi katika harambee za Nairobi kuliko visiwani kwenyewe.

Turudi kwa mmea. Kosa la kwanza litakalofanywa ni kuagiza mbegu za Ulaya. Aina hizo zimezoea mchana mrefu wa kiangazi. Hurefuka wakati mchana una saa 15 au 16, kisha hutoa maua mchana unapofupika. Kwetu kwenye ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima. Mche unadhani msimu umekwisha, unachanua ukiwa haujapita magoti, na nyuzi zinakuwa fupi zisizofaa chochote. Aina za nchi za joto, kama zile za kusini mwa China, huvumilia mchana mfupi na kurefuka, ila nyingi zina THC inayoweza kupita asilimia 0.3. Bunge likinakili sheria ya Marekani neno kwa neno, mkulima atapanda mbegu halali na kuvuna kosa la jinai. Mpaka wa asilimia 1 ungetupa nafasi ya kupumua, huku KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, ikijaribu aina mbalimbali kwa misimu kadhaa kabla ya yeyote kuuziwa mbegu.

Kosa la pili litaua ziwa. Ili nyuzi ziachane na kiini, mabua lazima yaozeshwe kidogo. Njia ya haraka ni kuyaroweka majini siku 7 hadi 14, na kisiwani maji yako hatua chache tu. Lakini mabua yanayooza hunyonya hewa yote iliyo majini, samaki wakafa, na virutubisho vinavyobaki hulisha gugumaji lile lile linaloziba injini. Yaozeshwe shambani kwa umande, wiki 2 hadi 6, yakigeuzwa ili upande wa chini usioze kupita kiasi. Na mtu asidanganywe kununua korona, mashine ya kutoa nyuzi, iliyotumika kutoka shamba la mkonge: ile huponda jani bichi kwa maji mengi, ilhali bua la bangi huvunjwa likiwa kavu. Mashine ni tofauti.

Ile nusu ya ukweli tuliyoitaja iko kwenye mbegu. Chavua ya mmea huu hupeperushwa kilomita kadhaa. Ikikutana na bangi ya kuvuta iliyofichwa katikati ya mahindi, mbegu ya msimu ujao inapandisha THC na shamba linaharibika kisheria. Kisiwa kilichozungukwa na maji mapana kinapunguza hatari hiyo, kwa hiyo kinaweza kuzalisha mbegu safi kwa ajili ya wakulima wa bara. Kilo 700 za mbegu ni magunia machache. Zinaingia kwenye boti moja na abiria wakabaki na mahali pa kukaa. Lakini mbegu iliyovunwa ina unyevu, na inapaswa kukaushwa haraka hadi asilimia 9 hivi, la sivyo inapata joto ndani ya gunia na kupoteza uwezo wa kuota. Ikisubiri siku 3 ufuoni kwa sababu boti haijajaa, imekwisha. Ndiyo maana ratiba ya boti inatangulia sheria ya bangi, hata kwetu sisi tunaoitaka sheria hiyo.

Kwa jamaa wa visiwani walio Nairobi, kalenda ni hii. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Gati lisipoandikwa humo, kulitafutia pesa baadaye ni kujisumbua. Waraka wa mkakati wa fedha ni kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Maombi yapelekwe kwa maandishi kwa karani wa bunge la kaunti, yataje jina la ufuo, kina cha maji wakati wa kiangazi na wa masika, na idadi ya boti zinazotia hapo kwa siku ya soko. Pelekeni nakala 2, na ya pili irudi nyumbani ikiwa na muhuri wa tarehe ya kupokewa.

Ni sisi wasomaji wako,
Nairobi